Barua ya wazi kwa bodi ya shule na kampuni za programu: watoto wetu weusi mnawaengua tangu darasa la sita

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule ya wilaya yetu,
Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa shule,
Nakala: wakuu wa kampuni za programu zenye ofisi hapa mjini,
Ohio, Marekani.

YAH: WATOTO WEUSI KUKOSA NJIA YA KUINGIA KWENYE KAZI ZA PROGRAMU

Waheshimiwa, salaam.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninayoandika humu si mageni kwenu, mmeshayapata kwa Kiingereza kwenye barua pepe mkajibu kwa sentensi ile ile ya kushukuru kwa maoni yetu, tukaja ofisini mkatupa kijarida chenye picha za watoto wanaocheka, tukaja kwenye kikao kengele ikalia mtu yuko katikati ya swali. Sasa naandika hadharani. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wenzangu wengi wenye hili tatizo ni Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, na nyie wenyewe siku hizi mnatutumia fomu za chakula cha shule kwa Kiswahili, kwa hiyo mtafsiri mnaye, mpeni kazi.

Kabla ya hoja niweke jambo moja sawa maana najua litaulizwa. Hii barua sio ya watoto wa wahamiaji peke yao. Mkongo aliyeshuka ndege mwaka juzi na Mmarekani mweusi ambaye babu yake alitoka Alabama kuja kufanya kazi viwandani Cleveland wanatiwa tiki kisanduku kimoja cha rangi kwenye fomu, watoto wao wanakaa dawati moja na wanakosa somo lile lile. Kuna wenzetu wanapenda kujipa moyo kwamba sisi tumekuja na nidhamu yetu ya nyumbani kwa hiyo watoto wetu watapenya tu. Hawapenyi jamani, ulizieni orodha za darasa la hesabu za juu muone wako wangapi.

Twende kwenye namba kidogo. Mwaka 2014 Google walipotangaza takwimu za wafanyakazi wao kwa mara ya kwanza, weusi walikuwa asilimia 2 ya wafanyakazi wao wa Marekani, na kwenye kazi za kiufundi asilimia 1. Facebook nao wakatangaza mwaka huo huo, kazi za kiufundi asilimia 1 vile vile. Weusi nchi hii ni kama asilimia 13 ya watu wote. Watu wengi walishangaa, lakini aliyekuwa anafuatilia shule asingeshangaa, kwa sababu kwenye mtihani wa kompyuta wa mwaka 2013 wa AP, yaani yale masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, mtafiti Barbara Ericson wa chuo cha Georgia Tech alipochambua matokeo alikuta majimbo 11 ambayo hakuna hata mwanafunzi mmoja mweusi aliyeufanya. Jimbo zima, sifuri. Sasa hao wa kuajiriwa mngewatoa wapi? Kampuni zinasema tungependa kuwaajiri ila hatuwaoni, shule zinasema tungependa kuwafundisha ila hawajiandikishi, mnatupiana mpira tu huku mtoto anakua.

Hoja zetu ni hizi.

1. Aljebra

Hili ndo kubwa kuliko yote, mkichoka kusoma ishieni hapa hapa.

Mwisho wa darasa la sita mnawagawa watoto mafungu mawili ya hesabu. Fungu moja litasoma aljebra darasa la nane, lingine litaisubiri mpaka la tisa. Mzazi akiambiwa hivyo anaona mwaka mmoja si kitu, mtoto atakua tu. Sasa hesabuni na mimi: aliyesoma aljebra la nane anasoma jiometri la tisa, aljebra ya pili la kumi, la kumi na moja ile ya kuandaa kalkulasi (calculus), la kumi na mbili kalkulasi yenyewe. Aliyeanza la tisa anamaliza shule kalkulasi anaisikia kwa wenzake, labda asome likizo au abebe hesabu mbili mwaka mmoja, halafu anaenda kuomba chuo kusomea sayansi ya kompyuta akishindana na watu walioimaliza tayari, na hata akichaguliwa, mwaka wa kwanza tu anakutana nayo kwa mara ya kwanza ukumbini na wanafunzi mia mbili. Hapo ndo watu wanahama digrii.

Nani anaamua mtoto aende fungu gani? Kwenye karatasi ni alama. Kwa vitendo ni alama, na pendekezo la mwalimu, na rufaa ya mzazi. Mtaani kwetu kuna binti alama zake za mtihani wa hesabu wa jimbo zilikuwa kundi la juu, karatasi mama yake anayo, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo na zile karatasi za uhamiaji, lakini mwalimu aliandika kwamba mtoto "anahitaji muda zaidi ajiamini". Basi, fungu la kusubiri. Kujiamini! Binti aliyelelewa na bibi yake kwamba mkubwa akiongea unainamisha macho, huku kwenu hiyo imekuwa alama ya hesabu. Rufaa ilikuwepo, fomu iko kwenye tovuti yenu, unabonyeza hapa unabonyeza pale ndo unaifikia, Kiingereza kitupu, na mama alipokuja kuambiwa na jirani muda ulishafungwa. Upande wa kaskazini wa wilaya hii hii wazazi wanarushiana linki ya hiyo fomu kwenye magrupu yao kabla hata matokeo hayajatoka, na siwalaumu, ningekuwa nayo ningeirusha pia.

Niwaambie kitu ambacho pengine hamkijui. Kulikuwa na mtu anaitwa Bob Moses. Miaka ya 60 alikuwa Mississippi anaandikisha weusi kupiga kura, alipigwa, alifungwa, historia yake mnaifundisha kila Februari, mwezi wa historia ya weusi. Ambacho hamfundishi ni kwamba baadaye alienda Tanzania akafundisha hesabu sekondari kule Same, chini ya milima ya Upare, kuanzia 1969 mpaka 1976. Akarudi Marekani, binti yake, anaitwa Maisha, akafika darasa la nane akakuta shule yake haifundishi aljebra darasa hilo. Ilikuwa 1982. Akaingia darasani kumfundisha yeye na wenzake wachache na humo ndo ukazaliwa Algebra Project, mpango wa kuwafundisha watoto aljebra. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mweusi asiyejua aljebra kwenye dunia ya kompyuta atakuwa nje ya uchumi kama vile baba yake asiye na kura alivyokuwa nje ya serikali. Amefariki 2021. Mi Mtanzania nimekaa Ohio nawaandikia kuhusu somo lile lile, darasa lile lile, zaidi ya miaka 40 baadaye, hii ni aibu na sio yangu.

Na dawa inajulikana. Dallas waliacha mambo ya mapendekezo, mtoto mwenye alama anaingizwa hesabu za juu moja kwa moja, mzazi asiyetaka ndo anajaza fomu ya kumtoa, watoto weusi na Walatino kwenye aljebra ya la nane wakaongezeka. Mwaka 2023 Texas nzima ikaifanya sheria, walio asilimia 40 ya juu kwenye hesabu za la tano wanaingia hesabu za juu la sita. North Carolina walishatunga sheria ya namna hiyo 2018. Texas hakuna mtu anaweza kuwaita wanaharakati, kwa hiyo msije mkasema tunaleta siasa.

2. Somo la kompyuta lenyewe

Sekondari ya kaskazini ina AP ya kompyuta zote mbili, ile ya lugha ya programu ya Java na ile ya misingi, ina usalama wa mitandao, ina klabu ya roboti yenye chumba chake. Sekondari yetu ina "teknolojia ya ofisi". Nimeingia darasani siku ya wazazi, watoto wa miaka kumi na sita wanafundishwa kuweka picha kwenye slaidi na kuchapa bila kuangalia vidole. Kuchapa ni kuzuri, sikatai, ila hakuna anayelipwa mshahara wa injinia kwa kuchapa.

Mtaniambia AP ipo kwenye kitabu cha masomo. Ndio ipo, ukurasa ule ule kila mwaka, na kila mwaka inafutwa kwa maelezo kwamba waliojiandikisha hawakutosha. Hawatoshi vipi wakati mtoto akimwambia kaunsela anaitaka anaambiwa ni ngumu sana, chukua hii nyingine uinue wastani wako? Mtafiti Jane Margolis na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA waliliona hili Los Angeles miaka ya mwanzo ya 2000, shule zenye watoto weusi na Walatino kompyuta zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuwafundisha kitu cha maana juu yake. Wenzenu walipoona matokeo wakatengeneza somo la kuanzia, linaitwa Exploring Computer Science, likaanza mashuleni huko 2008, halimtaki mtoto awe genius wa hesabu ndo aingie. Nyie bado mko kwenye slaidi.

Halafu hizo laptopu za Chromebook. Mmegawa kila mtoto yake na tunashukuru kwa dhati. Lakini mtoto akibonyeza kuangalia ukurasa wa mtandao umeandikwaje ndani, kitu ambacho kila devlopa wa tovuti ndo alianzia hapo, inamwandikia imezuiwa na msimamizi. Akitaka kuwasha mfumo wa Linux uliomo humo humo aandike programu kwa lugha ya Python, imezuiwa na msimamizi. YouTube inafunguka vizuri tu. Yani mmempa mtoto mashine ya kutazamia vitu vya watu wengine.

Mtu mweusi wa kwanza kupata PhD ya sayansi ya kompyuta nchi hii, Clarence Ellis, mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Illinois, alianza akiwa kijana wa miaka 15 huko Chicago, kapewa kazi ya usiku ya kulinda kompyuta ya kampuni na akaambiwa asiiguse. Akawa anasoma vitabu vya maelezo vya ile mashine usiku kucha, siku ilipowakwama ni yeye aliyekuwa anajua la kufanya. Wetu vitabu hawana, na mashine waliyonayo imefungwa.

3. Kiingereza kuwa kufuli

Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akiingia shuleni kwenu anawekwa madarasa ya Kiingereza, sawa, lazima ajifunze. Tatizo ni kwamba vipindi vya Kiingereza vimepangwa saa zile zile za hesabu za juu na za kompyuta, kwa hiyo hata mwenye uwezo ratiba inamkatalia, na akija kumaliza Kiingereza miaka imeshapita. Kambini wengine walifundishwa hesabu za kidato cha pili kwa ubao na chaki, darasa limejaa mpaka dirishani, na wakaelewa. Mahakama ya Juu ya nchi hii mwaka 1974, kesi ya Lau dhidi ya Nichols, watoto wa Kichina wa San Francisco, ilisema kumpa mtoto asiyejua lugha vitabu na dawati sawa na wenzake haijawa usawa. Ratiba inaweza kupangwa upya kwenye wiki moja ya Agosti, msitake tuamini haiwezekani.

4. Kampuni, na nyie

Kila Desemba mnakuja na ile Saa ya Kuandika Programu. Mnaleta fulana, pizza, injinia mmoja mweusi ambaye nina hakika amechoka kupigwa picha, watoto wanaburuta vibloku kwenye skrini saa moja, picha zinaenda LinkedIn, tunaonana Desemba ijayo. Saa moja kwa mwaka haimfundishi mtu kuendesha baiskeli.

Mwaka 2009 injinia wa Microsoft, Kevin Wang, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alianza kwenda kufundisha kompyuta sekondari asubuhi kabla ya kazi, ikageuka kuwa mpango wa mainjinia kuingia darasani mwaka mzima pamoja na mwalimu, mpaka mwalimu aweze mwenyewe. Hicho ndo msaada. Hata mainjinia wawili kutoka kila ofisi, asubuhi mbili kwa wiki, somo la AP lisingefutwa.

Na ajira. Mnapanda ndege kwenda Pittsburgh na California kutafuta vijana wakati Central State na Wilberforce, vyuo vya kihistoria vya weusi, viko hapa hapa Ohio, mwendo wa gari tu. Hamjaonekana huko. Mnataka digrii kwa kazi ambazo mnajua kabisa kijana wa diploma ya miaka miwili anaziweza akipewa miezi sita ya kufundishwa kazini kwa malipo. Mnamsubiri mhitimu wa miaka 22 aje kwenye intavyuu atatue fumbo ubaoni ndo mgundue hayuko tayari, samaki hukunjwa angali mbichi nyie mnakuja na kikapu keshakauka.

5. Hili fupi

Programu zinazoandikwa bila sisi zinatuumiza. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua sura za kampuni kubwa, kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1, kwa wanawake weusi kuna iliyofika karibu asilimia 35. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams mbele ya mkewe na watoto wake kwa sababu programu ilisema sura yake ni ya mwizi wa saa. Hakuwa yeye. Detroit sio mbali na sisi.

Sasa visingizio, najua viko njiani.

"Hakuna walimu." Kweli ni wachache, anayejua Java akienda kampuni analipwa zaidi, hilo tunalijua. Ila mwalimu wa hesabu aliyepo anaweza kusomeshwa likizo na kulipwa kwa muda wake, na Arkansas, jimbo lisilo na hela kutuzidi, lilipitisha sheria 2015 kila sekondari ya umma iwe na somo la kompyuta. Wao walimu waliwatoa mwezini?

"Bajeti." Msimu uliopita mmenunua ubao wa matokeo wa kidijitali wa uwanja wa mpira. Sina cha kuongeza hapo.

"Siku hizi mambo ya usawa yamekatazwa." Tumeona, Meta, wenye Facebook, walifuta mipango yao ya usawa Januari 2025, Google wakaacha malengo yao ya ajira mwezi uliofuata, kila mtu anamwangalia Washington. Lakini someni tena barua hii, hakuna mahali tumeomba nafasi kwa rangi. Tumeomba mwenye alama aingie darasa la alama zake. Kama hilo nalo ni upendeleo basi mtueleze kwa maandishi upendeleo wa nani.

"Akili mnemba itaandika programu yenyewe." Hiki ndo kipya na ndo kinanikera zaidi kwa sababu kinasemwa na watu ambao watoto wao wanasoma Java. Kama kazi inabadilika, anayejua mashine inafikirije ndo atakaa juu yake, asiyejua ataletewa majibu na kuyakubali. Mkifuta somo kwa hoja hiyo lifuteni kaskazini kwanza.

Tunachoomba:

Kwanza, kuanzia upangaji wa masika unaokuja mtoto mwenye alama aingie hesabu za juu moja kwa moja, pendekezo la mwalimu liweze kumwongeza mtoto lakini lisiweze kumtoa. Barua ya matokeo ije na lugha ya nyumbani pamoja na maelezo ya rufaa ndani yake, karatasi, sio linki.

Pili, AP ya kompyuta ifundishwe sekondari yetu hata wakijiandikisha watoto wanane, na darasa la nane wote wapate nusu mwaka wa kuandika programu kweli kweli.

Tatu, mtandao wa shule ufungue zana za kuandikia programu kwa wanaosoma somo hilo. Hili fundi wenu wa IT analimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nne, ratiba ya Kiingereza isigongane na hesabu za juu.

Tano, kampuni, tuleteeni mainjinia wa kufundisha mwaka mzima na nafasi za kujifunza kazini zenye malipo kwa wanaomaliza sekondari, na muweke hadharani mlikwenda kuajiri vyuo gani.

Sita, takwimu. Kila shule, kila fungu la hesabu, wako watoto wangapi na ni wa kundi gani, mzitoe kila mwaka bila kuombwa. Mnazo tayari maana serikali ya shirikisho huwa inazidai.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya kikao cha bodi cha mwezi ujao, hoja kwa hoja, kwa Kiingereza na Kiswahili. Yasipokuja, wazazi tumeshakubaliana karatasi za alama za watoto wetu tutaziambatanisha kwenye malalamiko rasmi kwa ofisi ya haki za kiraia ya idara ya elimu, na nakala tutawapa waandishi wa habari. Yule mama mwenye mfuko wa nailoni ameshatoa fotokopi.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi wa wanafunzi wawili,
kwa niaba ya wazazi wa upande wa mashariki